Nani Kaileta Karatasi Hii?

Msikilizaji wangu, habari za jioni. Najua umeshajibu: nzuri. Hukungoja hata nimalize. Ningekuuliza kwa Kinyarwanda, "Amakuru?", ungejibu "Ni meza" kwa kasi ileile. Watu wa pande hizi ndivyo tulivyo: tunasalimiana kwa kuulizana habari, na tunajibu kabla ya kufikiri habari yenyewe ni ipi. Mtu ana mgonjwa ndani, kodi ya nyumba imechelewa miezi miwili, bado atasema nzuri. Kisha atavuta pumzi na kusema "ila..." Habari yenyewe huanzia kwenye hiyo ila, na jioni hii nataka tukae hapo kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Biryogo, kwenye ule mtaa uliofungwa kwa magari, lami imepakwa rangi kama kanga, meza zimetandazwa mpaka katikati ya barabara. Nimeagiza chai ya nanaa, haijapoa, akatokea mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 22, anasoma mambo ya kompyuta, na hakuna asilolijua. Hakunisalimu. Alininyooshea simu tu.

"Shangazi, umeona ya Goma?"

Ilikuwa video ya nusu dakika hivi. Moshi mweusi, watu wanakimbia na magodoro kichwani, mama mmoja analia kwa sauti ya kukata maini, magari yanajipenyeza katikati ya umati. Juu pameandikwa kwa rangi nyekundu: Goma, leo asubuhi. Na pembeni ile alama ya vishale viwili, imesambazwa mara nyingi.

"Irudie," nikamwambia. Akairudia. "Irudie tena, ila safari hii achana na moshi. Niangalizie magari."

"Magari yana nini?"

"Yanapita upande gani?"

"Kushoto," akasema, halafu akanyamaza.

Goma wanaendesha kulia, msikilizaji, kama sisi hapa Kigali na kama Bujumbura. Hayo ni mabaki ya Mbelgiji. Ukitoka hapa mpaka uvuke Rusumo kuingia Tanzania, au Gatuna kuingia Uganda, ndipo unahamia kushoto, na madereva wa malori wanaijua sana hiyo sehemu. Kijana hakukubali kushindwa mara moja, na nilimpenda kwa hilo. Akasema huenda video imegeuzwa, kama unavyoiona sura yako kwenye kioo, maana kuna watu hufanya hivyo kusudi ili mitambo ya mtandao isiitambue. Hoja nzuri. Tukatafuta maandishi. Nyuma ya yule mama palikuwa na kibao cha duka, na herufi zake zilisomeka sawasawa, hazikupinduka. Basi popote pale ilipopigwa, Goma si pake.

Kazi yote hiyo ilituchukua dakika nne, chai ikiwa bado ya moto. Ila alikuwa ameshaituma kwenye makundi matatu, likiwamo la familia, ambamo mna shemeji yangu mwenye ndugu zake Goma kweli kweli.

"Nani alikutumia?" nikamwuliza.

"Rafiki yangu."

"Na yeye katumiwa na nani?"

"Shangazi, mbona unanihoji kama polisi?"

Sikuwa polisi. Swali lile nililirithi kwenye daftari.

Kazi hii ya kusema hewani nilijifunzia kwenye kituo kimoja kidogo hapa mjini, sitakitaja, katika miaka ile ya mwanzo redio za binafsi zilipoanza kuruhusiwa tena. Matangazo ya vifo yalikuwa sehemu ya mkate wetu. Familia inakuja na karatasi imeandikwa kwa mkono: fulani amefariki, maziko saa fulani, ndugu wa kule na kule wajulishwe. Mezani palikuwa na daftari kubwa, jalada gumu jeusi, lenye safu nne. Jina la aliyeleta karatasi. Namba ya kitambulisho. Uhusiano wake na marehemu. Sahihi. Mkuu wetu wa chumba cha habari hakuuliza kama karatasi imeandikwa vizuri wala kama ina mhuri. Alikuwa na swali moja, akiliuliza hata ukimletea taarifa ya wizara: nani kaileta karatasi hii?

Siku moja tangazo lilikuja kwa simu. Sauti ya mtu mzima, yenye adabu, ikiniambia kwamba mzee mmoja wa Nyamirambo amefariki na atazikwa baada ya sala ya alasiri. Mzee mwenyewe alijulikana, mlango wake haufungwi. Zilibaki dakika tano kipindi kiishe na mkuu alikuwa ametoka. Nikalisoma, nikalitia na innalillahi yake. Saa nzima haikupita, simu ikalia, na upande wa pili alikuwa marehemu. Hakunikemea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Binti yangu, hapa nyumbani pana watu kama arobaini, na mke wangu ameingia jikoni kuwachemshia chai. Niwaambie nini?"

Baadaye ikajulikana ulikuwa ugomvi wa kiwanja, mtu alitaka kumtisha mwenzake. Mimi nikaandikiwa barua ya onyo na nikaomba radhi hewani siku tatu mfululizo. Lakini aliyesikia kifo Jumatatu si lazima awe amefungua redio Jumanne. Miezi kadhaa baadaye watu walikuwa bado wanashtuka kumwona mzee sokoni.

Naweza kuicheka hadithi hii kwa kuwa mzee alikuwa mzima. Kuna karatasi nyingine iliyosomwa redioni katika nchi hii ambayo haina kicheko.

Tarehe 3 Machi 1992, Radio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma tangazo moja mara kadhaa katika siku hiyo moja. Tangazo lilidaiwa kutoka kwa kundi la kutetea haki za binadamu lenye makao Nairobi. Lilisema umegunduliwa mpango wa Watutsi, kupitia chama cha Parti Libéral, wa kuwaua viongozi wa Kihutu. Kuanzia tarehe 4 mauaji yakaanza Bugesera, kusini tu ya Kigali, ukishavuka daraja la Nyabarongo. Watutsi waliuawa kwa mamia, nyumba zikachomwa, na walionusurika wakakimbilia makanisani na shuleni. Hapakuwa na mpango wowote wa namna ile. Karatasi ilikuwa ya uongo.

Hebu ilaze karatasi hiyo kwenye daftari letu jeusi. Nani kaileta? Kundi. Kundi gani, la nani, ofisi yake iko mtaa gani wa Nairobi? Nairobi ilikuwa umbali wa simu moja. Uhusiano wake na hao wanaodaiwa kulengwa kuuawa ni upi? Sahihi iko wapi? Safu zote nne zingebaki tupu. Na tangazo lilisomwa kwa sauti ileile iliyozoea kusoma bei za kahawa na ratiba ya mitihani, sauti ambayo mkulima wa Bugesera hakuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Nyamata, kwenye uwanja wa lile kanisa ambalo sasa ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, kuna kaburi la mwanamke wa Kitaliano aitwaye Antonia Locatelli. Alikuwa ameishi hapo miaka mingi akifanya kazi na wenyeji. Mauaji yalipoanza, Locatelli alishika simu na kuzungumza na redio za nje, akieleza kwamba yanayotokea si hasira ya ghafla ya wanakijiji, ni jambo lililopangwa. Alipigwa risasi mwezi huohuo wa Machi. Hakuwa mwandishi wa habari. Aliyafanya tu yale ambayo studio ya Kigali haikuyafanya: alitoka nje akatazama, akasema alichokiona na jina lake likiwa wazi. Kila nikipita pale husimama. Watu wengi huingia kanisani moja kwa moja, na wana sababu, ila ukienda, tafuta na kaburi lile.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo vijana wengi hawaujui mnyororo. Redio ya serikali wakati ule ilikuwa chini ya ofisi iitwayo ORINFOR, na mkurugenzi wake alikuwa mwanahistoria, Ferdinand Nahimana. Baada ya Bugesera kulikuwa na makelele, akaondolewa. Mwaka uliofuata, 1993, akawa miongoni mwa waanzilishi wa redio mpya ya binafsi, RTLM, iliyoingia hewani Julai 1993. Jambo lisilosemwa vya kutosha kuhusu RTLM ni kwamba ilikuwa tamu. Radio Rwanda ilikaa kama karani wa tarafa. RTLM ilicheza rumba ya Zaire, ilitania, ilipokea simu za wasikilizaji, watangazaji wake walizungumza kama watu walioketi baa jioni. "Nasikia..." "Wanasema..." "Kuna mtu kaniambia..." Hakuna aliyeona haja ya kuuliza nani huyo, kwa sababu barazani hatuulizani hivyo. Uongo uliposogea kidogo kidogo katikati ya nyimbo, msikilizaji alikuwa ameshavua viatu. Kufikia Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, redio hiyo ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipo.

Wachunguzi wa haki za binadamu baadaye waliokota huko Butare karatasi ya mwongozo wa propaganda, imepigwa chapa, ikimnukuu mtaalamu mmoja wa Kifaransa wa saikolojia ya matangazo, Roger Mucchielli. Ndani yake kulikuwa na mbinu iliyopewa jina la shutuma za kioo: mtuhumu adui yako kwa lile unalokusudia kulitenda wewe. Sisi tunaifahamu mbinu hiyo bila kusoma Kifaransa. Mwizi akizidiwa mbio sokoni hupiga yowe la "mwizi! mwizi!" akinyoosha kidole mbele. Ukiisoma upya ile karatasi ya Machi 1992 kwa kioo hicho, utaona kila neno lake lilikuwa kweli, ila majina yamebadilishana nafasi.

Kesi ya Nahimana na wenzake ilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na wengi tuliifuatilia kwa redio. Hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya Novemba 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu: miaka 30 kwa Nahimana, 32 kwa Barayagwiza, 35 kwa Ngeze. Lakini mahakama ile ilipewa mamlaka juu ya matendo ya mwaka 1994 pekee, kuanzia Januari mosi. Kwa hiyo karatasi ya Bugesera ilitajwa mahakamani, ikachambuliwa, ikaelezwa kama sehemu ya historia. Yenyewe haikuwahi kuhukumiwa.

Kuna methali yetu moja ambayo nimekuwa nikigombana nayo kwa miaka. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Waswahili waliitunga kwa hekima yao, kwamba uvumi usipuuzwe, huenda una mzizi. Sikatai. Ila mtu akishaambiwa kwamba jirani yake anakuja kumuua, naye akatangulia kumuua jirani, kilichokuja kimeletwa na nani? Kilichosemwa hakikuwapo, na kilikuja kwa sababu kilisemwa. Siku hizi mtu akinipa methali hii kama ushahidi, humwuliza: lililetwa na nani hilo lisemwalo?

Tuje kwenye sheria, kwa kuwa najua kuna mtu anasubiri niifikie. Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Kifungu chake cha 39 kinamwadhibu anayesambaza ibihuha, yaani uvumi, kwa kompyuta au simu akijua anachofanya, uvumi wa kutia watu hofu, kuchochea vurugu au kumvunjia mtu heshima. Kifungo ni miaka mitatu hadi mitano, na faini ya faranga milioni moja hadi tatu. Kwa historia niliyotoka kuisimulia, sishangai nchi hii kuogopa uvumi. Aliyewahi kuungua hupuliza hata maji ya baridi.

Ila. Unaona, nimefika. Uvumi uliotuangamiza haukutoka kijiweni. Haukuanzishwa na motari anayesubiri abiria Nyabugogo wala na kijana wangu wa Biryogo. Ulitoka studio ya serikali, ukapata sauti ya serikali, ukasomwa na mtu aliyelipwa mshahara. Kifungu kinachomwogopesha mtu wa chini asiseme asichokuwa na hakika nacho hakitoshi kumpa mtangazaji ujasiri wa kuuliza karatasi ya bosi wake imetoka wapi. Na ikizidi hofu, hata la kweli watu hulisemea chumbani, na likishaingia chumbani hakuna tena anayeweza kulihakiki. Uhakiki wa habari unaomkimbiza mtu wa WhatsApp peke yake na kuinama mbele ya karatasi yenye nembo, mimi naona umesimama kwenye mlango usiokuwa wake.

Tuvuke mpaka twende Kongo, kule kwa wenzetu wa Beni na Butembo, ambako Kiswahili ndicho cha sokoni na cha hospitalini. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Uvumi ukasambaa haraka: ugonjwa haupo, ni biashara, ni siasa. Wahakiki wakafanya kazi yao vizuri. Mwaka huohuo waandishi vijana wa Kongo walikuwa wameanzisha Congo Check, wakakanusha uongo mmoja baada ya mwingine. Kisha, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba 30, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo, mpaka Machi, na sababu mojawapo ni Ebola. Rais mpya akaapishwa Januari. Sasa wewe ni mhakiki, umeketi mbele ya mama wa Butembo anayekwambia Ebola ni siasa. Utamjibu nini? Kirusi ni cha kweli, na hilo unaweza kumthibitishia kwa maabara. Lakini kura yake kweli ilichukuliwa kwa jina la kirusi. Uvumi wake ulikuwa na mguu mmoja kwenye uongo na mmoja kwenye jambo aliloliona kwa macho yake.

Waliolipa gharama ya mkanganyiko huo ni pamoja na watu wa kazi yangu. Novemba 2019, huko Lwemba, Ituri, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii aliyekuwa akieleza watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Huwa namkumbuka nikisikia watu wa mjini wakizungumzia uhakiki kana kwamba ni mchezo wa kompyuta.

Na leo? Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, simu zetu hazijapumzika. Picha za vita vya nchi nyingine zinapewa majina ya vijiji vya Masisi. Pande zote zinafanya, na nasema pande zote nikijua niko wapi ninaposema. Mwaka 2022 Alice Wairimu Nderitu, Mkenya aliyekuwa mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari, alitembelea Kongo akarudi na onyo juu ya lugha ya chuki mashariki mwa nchi hiyo, lugha ambayo sisi hapa tunaitambua hata ikisemwa kwa kunong'ona. Na mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walieleza walivyogundua mtandao wa akaunti zaidi ya 400 zilizojifanya watu wa kawaida na kusambaza, kwa msaada wa akili mnemba, jumbe zaidi ya 600,000 za kuisifu serikali ya Kigali na kuzima sauti za wakosoaji. Hii nayo ni karatasi isiyojulikana kaileta nani. Mtu akisema nchi yangu ni nzuri, nafurahi. Nataka tu kujua kama ni mtu.

Wenye kazi hii ya kuhakiki wamezidi kidogo kidogo. Africa Check walianza mwaka 2012. PesaCheck, wa Nairobi, walianza kwa kukagua tarakimu za fedha za umma, ndiyo maana ya jina lao, kisha wakajikuta wanakagua kila kitu. Tanzania kuna Nukta Fakti na JamiiCheck. Ni kazi ya watu wachache wenye bando na subira. Januari 2025 kampuni ya Meta, wenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kwamba inaachana na wahakiki wa nje huko Marekani. Huku kwetu wahakiki wengi sehemu ya riziki yao hutoka kwenye mpango huohuo, kwa hiyo ujumbe ulipofika Nairobi hakuna aliyesema nzuri.

Nina malalamiko mawili kwa wenzangu hawa, ya kindugu. La kwanza ni lugha. Uongo unatembea kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa Kirundi, tena kwa ujumbe wa sauti, shangazi fulani anapumua ndani ya simu akisema "jamani, sikilizeni". Ukanusho unatoka kwa Kiingereza, maneno 800, una mishale na miduara myekundu. Mama yangu hatausoma. Ujumbe wa sauti hauna hata picha ya kutafuta mtandaoni. Njia ya kuukamata ni ileile ya daftari, kurudi nyuma mtu kwa mtu mpaka umfikie aliyesema "nilikuwepo", au mpaka ugundue hayupo.

La pili linatuhusu sisi wa redio. Tuna tabia ya kuanza hivi: "Kuna habari zinazosambaa kwamba maji ya Kigali yametiwa sumu." Kisha tunacheza wimbo mfupi, tunarudi na kusema si kweli. Msikilizaji wa redio si msomaji. Anaingia katikati, anatoka katikati, anawasha gari, anazima kwa kuwa mtoto analia. Aliyesikia sentensi ya kwanza akashuka kwenye basi amebeba sumu, na tumempa sisi. Mimi huanza na ukweli, nasema maji yamepimwa, nani kayapima, lini. Uongo wenyewe nautaja mara moja, katikati, haraka, kisha narudia ukweli. Haipendezi masikioni kama ile ya kwanza. Mhariri mmoja aliniambia nimeua msisimko, nikamwambia ndiyo.

Kijana wangu, kwa faida yenu, alirudi kwenye yale makundi matatu. Aliandika: video niliyotuma si ya Goma, magari yanapita kushoto, samahanini. Kundi la kwanza hakuna aliyejibu. La pili mmoja akamwuliza ameanza lini kuwa mwanajeshi. Kwenye kundi la familia mama yangu alituma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, akisema amemshukuru Mungu, na kwamba tangu asubuhi alikuwa hajala.

Na yule mzee wa Nyamirambo, mliokuwa mkiniuliza. Aliishi miaka mingine tisa baada ya mimi kumzika. Kila tukikutana barabarani alinisalimu kwa sauti kubwa ili wote wasikie: "Habari za marehemu?" Nami nilikuwa nikijibu nzuri.

Alipofariki kweli, mwanawe mkubwa alileta karatasi mwenyewe, asubuhi na mapema, macho yamevimba. Nilimjua tangu tukiwa wadogo, tumesoma madrasa moja. Nikamvutia kiti, nikampa pole, kisha nikafungua daftari nikamsogezea kalamu. Aliandika jina. Akatoa kitambulisho akanakili namba, tarakimu baada ya tarakimu. Kwenye uhusiano akaandika: mwana. Akatia sahihi, akafunga kalamu, akaniangalia.

"Safari hii," akasema, "hatapiga simu."

Nikaisoma saa saba mchana, mara mbili.